Moroko kwa mara ya kwanza: mwongozo kwa msafiri wa Afrika Mashariki

Miongozo mingi ya kutembelea Moroko imeandikwa kwa mtu anayetoka Paris au Madrid. Huyo hupanda ndege asubuhi akafika kabla ya chakula cha mchana, haombi viza, chaja yake inaingia ukutani bila kubembelezwa, na magari yanapita upande aliouzoea. Msafiri wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ana mengine ya kuhangaikia. Ana faida zake pia. Namba nyingi za sokoni anazijua tangu darasa la kwanza, na kama ni Mwislamu ataingia misikiti ambayo mtalii wa Ulaya huishia kuipiga picha mlangoni.

Hatua ya 1: Viza kwanza, tiketi baadaye

Usinunue tiketi isiyorudishiwa pesa kabla hujajua hali ya pasipoti yako. Masharti yanatofautiana kati ya nchi zetu na hubadilika, kwa hiyo orodha uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp si ya kutegemea. Moroko ina ubalozi Dar es Salaam na Nairobi. Waulize wao wenyewe. Tangu 2022 kuna pia viza ya mtandaoni kupitia tovuti ya serikali iitwayo Acces Maroc. Miongoni mwa wanaoruhusiwa kuiomba ni baadhi ya watu wenye viza au kibali cha ukaazi cha nchi kama za Ulaya, Uingereza au Marekani. Ndugu zetu wanaoishi ughaibuni waangalie hapo kwanza, kwani wanaweza kuokoa safari ya kwenda ubalozini.

Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, zingatia hili: Ceuta na Melilla, miji miwili ya pwani ya kaskazini inayoonekana kwenye ramani kama sehemu ya Moroko, iko chini ya Hispania. Ukivuka kuingia huko umetoka Moroko na viza yako imekwisha, hata kama ulikwenda kunywa kahawa tu. Mpaka wa nchi kavu na Algeria nao umefungwa tangu 1994, hivyo wazo la kuunganisha nchi hizo mbili kwa basi liweke kando.

Hatua ya 2: Chagua msimu kwa akili

Wengi huku hudhani Afrika Kaskazini ni joto mwaka mzima. Marrakech na Fes mwezi wa Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40, hilo ni kweli. Lakini Januari usiku ni baridi kali, na nyumba nyingi za kale zimejengwa kuzuia jua, si baridi. Hazina vipasha joto vya maana. Kule Ifrane, mji wa milimani usio mbali na Fes, ndiko kulikorekodiwa baridi kali kuliko zote Afrika: nyuzi 23.9 chini ya sifuri, Februari 1935. Nenda Machi hadi Mei, au mwishoni mwa Septemba hadi Novemba.

Kuna jambo la saa ambalo halimpati Mzungu bali sisi. Moroko hutumia saa ya GMT+1 karibu mwaka mzima, yaani iko nyuma yetu kwa saa mbili. Ikifika Ramadhani hurudi GMT, na tofauti inakuwa saa tatu. Sisi wa karibu na ikweta tumezoea jua lichomoze saa kumi na mbili na lizame saa kumi na mbili. Casablanca mwanzoni mwa Januari jua huchomoza kama saa mbili na nusu asubuhi. Juni huzama karibu saa tatu kasoro robo usiku. Ukimwambia dereva akufuate alfajiri, mtajie saa yenyewe, tena kwa hesabu ya kimataifa.

Ramadhani si kipindi kibaya, ila mchana migahawa mingi ya kawaida hufungwa na watu huwa wachovu. Usiku mji hufufuka. Kama unafunga, utafurahia. Kama hufungi, kula chumbani kwako au kwenye hoteli, usile barabarani.

Hatua ya 3: Njia ya kufika

Lango kuu ni uwanja wa Mohammed V, nje ya Casablanca. Kutoka kwetu wengi huunganisha kupitia Cairo, Doha, Dubai au Istanbul. Ukiona tiketi ya bei nafuu inayopita Ulaya, ulizia kama pasipoti yako inahitaji viza ya kupita uwanjani. Hiyo nafuu inaweza kuyeyuka kaunta ya kwanza.

Ukishuka, mhuri wa kuingia huenda na namba yenye tarakimu na herufi. Ipige picha. Kila hoteli itakupa fomu ya polisi ya kujaza na wataiulizia namba hiyo.

Hatua ya 4: Pesa, na kwa nini M-Pesa haitakusaidia

Moroko ni nchi ya pesa taslimu. Kadi hupokelewa hotelini na kwenye maduka makubwa, lakini teksi, mama wa mkate na muuza machungwa wanataka dirhamu mkononi. Shilingi zetu hakuna wa kuzibadilisha. Beba yuro au dola zilizo safi, zisizochanika, pamoja na kadi ya benki uliyokwisha kuiarifu benki yako kwamba inasafiri.

Dirhamu haipatikani kirahisi nje ya Moroko, na sheria inaruhusu kutoka na kiasi kidogo tu. Badilisha kidogo uwanjani, kingine mjini, na utunze risiti, kwa sababu wakati wa kurudi unaweza kuulizwa risiti ili ubadilishiwe zilizobaki. Dola moja kwa miaka hii imekuwa ikizunguka kati ya dirhamu 9 na 10 na kidogo. Hesabu kwa kumi na hutapotea sana.

Sasa faida yetu. Kiarabu cha Moroko, kiitwacho Darija, kina matamshi ya kumchosha hata Mwarabu wa Omani, lakini sikiliza namba: setta, sebaa, ashrin, tlatin, rebain, khamsin, settin, sebain, tmanin, mya, alf. Mtu aliyekua akihesabu sita, saba, ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, mia, elfu hahitaji mkalimani. Kuuliza bei sema "bshhal?" Kukataa, "la, shukran", mara moja, bila kusimama.

Ila kuna mtego. Wazee na wauzaji wa sokoni, hasa wa vitu vidogo, hutaja bei kwa riali, sarafu ambayo haipo mfukoni mwa mtu yeyote. Riali 20 ni dirhamu 1. Ukisikia "mya" kwa fungu la mboga, ni dirhamu 5, si 100. Ukisikia elfu, ni 50. Kwenye mazulia mambo hugeuka: anayesema "milioni" anahesabu kwa senti, na maana yake ni dirhamu 10,000. Kabla hujakubali chochote, mwombe aandike kwenye simu.

Hatua ya 5: Mzigo

Plagi za kule ni za pini mbili za mviringo. Zetu za pini tatu bapa hazitaingia. Nunua adapta kabla ya kuondoka. Droni iache nyumbani kabisa, maana huwezi kuingia nayo bila kibali na forodha wataishikilia. Beba koti hata kama unakwenda jangwani, kwa sababu ndiko usiku unakokuwa na baridi. Nguo za heshima za kufunika mabega na magoti zinatosha, kwa mwanamke na mwanamume. Si lazima mgeni kujifunika kichwa mtaani. Viatu viwe vya kutembelea, visivyoteleza. Chukua na pilipili yako ukiipenda. Chakula chao kina viungo vingi lakini si kikali, na baada ya siku chache ulimi unaanza kuulizia.

Laini ya simu utainunua kwa pasipoti: Maroc Telecom, Orange au Inwi. Bando ni nafuu na mtandao ni mzuri mijini.

Hatua ya 6: Panga njia, na punguza miji

Kosa la kawaida ni kutaka kuona kila kitu. Kwa siku nane hadi kumi, miji mitatu au minne inatosha. Mimi ningeanza Casablanca usiku mmoja, nikaenda Rabat, kisha Fes kwa siku tatu, halafu nimalizie Marrakech. Wengi huanza na Marrakech kwa sababu ya jina lake, wakakutana na wapiga debe wake siku ya kwanza wakiwa na usingizi wa ndege, wakaichukia nchi nzima. Ukifika huko mwishoni umeshajua bei na umeshajua kukataa.

Casablanca ni mji wa biashara, na wengi huusema vibaya. Una jambo moja kubwa: Msikiti wa Hassan II, uliokamilika 1993, sehemu yake ikiwa imejengwa juu ya maji ya Atlantiki, mnara wake ukiwa na urefu wa mita 200 hivi. Huu ni miongoni mwa misikiti michache sana nchini ambayo asiye Mwislamu anaruhusiwa kuingia, kwa ziara zenye saa maalumu na kiingilio.

Rabat, mji mkuu, ni mtulivu. Nusu siku yatosha: mnara wa Hassan ulioachwa bila kumalizika tangu karne ya 12, na ngome ya Oudaya juu ya mdomo wa mto Bou Regreg.

Fes ndiyo sababu ya safari. Mji wake wa kale, Fes el-Bali, uliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1981. Ni maelfu ya vichochoro visivyopita gari. Aliyezoea Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar atatambua upesi mantiki yake: kuta ndefu za kivuli, mlango wa kawaida unaoficha ua mzuri, mnyama wa mizigo mwenye haki ya njia. Tofauti ni ukubwa, na kwamba hapa ni nyumbu, yaani chotara wa punda na farasi, kuliko punda. Ukisikia "balak!" nyuma yako, jibane ukutani, anayesema hivyo hana breki.

Katikati yake upo msikiti na chuo cha al-Qarawiyyin, kilichoanzishwa mwaka 859. Masimulizi yanasema mwanzilishi ni mwanamke, Fatima al-Fihri, aliyetoka katika familia ya wahamiaji kutoka Kairouan, Tunisia, na wengi hukihesabu kuwa chuo kikongwe kuliko vyote duniani ambacho bado kinafundisha. Asiye Mwislamu ataona ua kutoka mlangoni tu, lakini madrasa za al-Attarine na Bou Inania za karne ya 14 ziko wazi kwa kila mtu, na nakshi zake za mbao na plasta zinastahili saa nzima. Viwanda vya ngozi vya Chouara, pamoja na mabirika yake ya chokaa na kinyesi cha njiwa, hutazamwa kutoka juu ya maduka ya mikoba. Utapewa jani la mnanaa la kunusa. Kupanda huitwa bure, ila muuzaji anatarajia ununue au uache kitu.

Ukiwa na siku za ziada, nenda Tangier badala ya Chefchaouen, mji wa bluu ambao siku hizi umejaa foleni za kupiga picha. Tangier ndiko alikozaliwa Ibn Battuta mwaka 1304, yule aliyeshuka pwani yetu 1331 akapita Mogadishu, Mombasa na Kilwa, na kuandika habari za misikiti ya mbao ya Mombasa na uzuri wa mji wa Kilwa. Ndani ya mji wa kale kuna kaburi dogo linalosemekana kuwa lake, na uwanja wa ndege una jina lake. Mswahili ana sababu ya kusimama hapo kuliko watalii wengi wanaopita.

Marrakech ina uwanja wa Jemaa el-Fna, mnara wa Koutoubia, bustani na makaburi ya wafalme wa Kisaadi. Uwanjani, kila kitu kina bei: picha ya nyoka, ya nyani, hata ya muuza maji mwenye kofia ya shada. Akina mama wa hina watakushika mkono na kuanza kuchora kabla hujakubali. Vuta mkono. Na ile hina nyeusi tii kataa kabisa; ni kemikali zilezile za rangi ya nywele ambazo kwetu watu hutumia kama piko, na zinaweza kuchoma ngozi ikaacha kovu.

Jangwa? Milima ya mchanga ya Erg Chebbi iko Merzouga, karibu siku nzima barabarani kutoka Marrakech. Safari ya siku mbili inayouzwa mtaani huenda Zagora, ambako mchanga ni mdogo. Kama huna siku tatu kamili, liache jangwa kwa safari nyingine. Kwa mpanda milima, Toubkal ina mita 4,167, na vituo vya ukaguzi kuanzia Imlil vitataka uwe na kiongozi rasmi. Eneo hilo la Al Haouz lilipigwa na tetemeko la Septemba 2023 lililoua karibu watu 3,000. Utalii wake umefufuka, na fedha unayoilipa kijijini inafika kwa watu wanaojenga upya.

Hatua ya 7: Kusafiri ndani ya nchi

Treni za shirika la ONCF ni nzuri na ndizo za kutegemea. Kutoka uwanja wa Casablanca kuna treni hadi kituo cha Casa Voyageurs, na hapo unaunganisha. Al Boraq, treni ya kasi iliyoanza 2018, hufika kilomita 320 kwa saa na huchukua kama saa mbili na dakika kumi kati ya Casablanca na Tangier. Casablanca hadi Fes ni mwendo wa saa tatu na nusu hadi nne. Fes hadi Marrakech ni karibu saba, kwa hiyo lipia daraja la kwanza lenye namba ya kiti. Kusikofika reli, panda mabasi ya CTM au Supratours.

Mjini kuna teksi ndogo, zisizobeba zaidi ya watu watatu. Sema "compteur" ili awashe mita. Akikataa, shuka usubiri nyingine. Usiku nauli huongezeka kwa nusu, na hilo ni halali. Teksi kubwa huenda mji hadi mji: abiria sita, ikijaa inaondoka, kila mtu analipa kiti chake. Ukitaka nafasi ya kupumua, lipia viti viwili.

Unapovuka barabara, kumbuka magari hukaa kulia. Sisi huangalia kulia kwanza. Kule hatari ya kwanza inatoka kushoto.

Hatua ya 8: Vichochoroni na sokoni

Kijana atakwambia "njia hii imefungwa" au "leo tu kuna soko la Waberberi". Njia haijafungwa na soko liko kila siku. Mwongozaji rasmi ana kitambulisho na hupatikana kupitia hoteli yako. Fes inafaa kumlipa mmoja siku ya kwanza. Pakua ramani ya mji kwenye simu kabla hujatoka, ingawa vichochoroni GPS huyumba. Ukipotea, muulize mwenye duka, usimuulize anayekusubiri upotee.

Kupatana bei unakujua. Anza chini, cheka, ondoka taratibu. Usitaje bei usiyokuwa tayari kuilipa, kwani ukitaja naye akakubali, umenunua.

Hatua ya 9: Chakula

Harira, supu ya nyanya, dengu na njegere, ni bei ndogo na inashibisha. Asubuhi tafuta msemen, mkate wa tabaka wa kukaangwa kwenye bamba, na bissara, uji mzito wa maharage makavu wenye mafuta ya zeituni. Tajini, mchuzi wa nyama au mboga uliopikwa polepole kwenye chungu chenye kifuniko, utaila hadi uichoke, basi ibadilishe kwa samaki ukiwa pwani. Essaouira na Agadir ni pazuri. Kuskusi, punje ndogo za ngano zilizopikwa kwa mvuke, huliwa Ijumaa baada ya sala, na ya nyumbani inaishinda ya mgahawani mara kumi. Ukialikwa, kula kwa mkono wa kulia, upande wako wa sinia, kama ulivyofundishwa. Chai ni ya kijani, yenye mnanaa na sukari nyingi. Anayetaka maziwa aagize kahawa iitwayo nuss-nuss.

Hatua ya 10: Msikitini

Mwislamu huingia wakati wa sala. Kati ya sala moja na nyingine misikiti mingi hufungwa. Wao ni wa madhehebu ya Maliki, sisi wengi Shafii, kwa hiyo usishangae kuona watu wakisali mikono imening'inia, au imamu akisoma Qurani kwa kisomo cha Warsh chenye matamshi usiyoyazoea. Mwezi huutafuta wenyewe kwa macho, na Idi yao mara nyingine hutofautiana na ya Makka kwa siku.

Hatua ya 11: Ngozi yako, polisi na maneno ya kuepuka

Miongozo ya Wazungu haigusii hapa. Mweusi mgeni mara nyingi hudhaniwa Msenegali au Mmali, na wapo watakaokutupia neno la dharau, hasa vijana wa mitaani. Wapo wengi zaidi watakaokukaribisha, na kusini kuna Wamoroko weusi kama wewe. Kaskazini, kuanzia Tangier hadi Nador, polisi huwasaka wahamiaji wanaojaribu kuvuka kwenda Hispania, na si ajabu wewe ukaulizwa karatasi wakati Mzungu wa kiti cha pembeni anaachwa. Tembea na nakala ya pasipoti na picha ya mhuri wa kuingia, jibu kwa upole, taja hoteli yako. Mpenda mpira aliyeifuata timu yake anaweza kuonyesha tiketi ya mechi. Inafungua mazungumzo haraka kuliko pasipoti.

Usimkosoe mfalme hadharani, usipige picha askari, na usibishane kuhusu Sahara Magharibi, eneo la kusini ambalo Moroko inalidai kuwa lake. Nchi zetu zimekuwa na misimamo yao juu ya suala hilo, lakini wewe si balozi. Bangi ya milima ya Rif utauzwa kwa kunong'onezwa. Ni kosa la jinai, na anayekuuzia anaweza kuwa ndiye anayekuripoti. Namba za dharura: polisi mjini 19, ambulensi 15, askari wa vijijini 177.

Hatua ya 12: Kurudi

Mafuta ya argani na asali vifungwe vizuri kwenye begi la kukabidhi, maana ukaguzi wa mkononi utavichukua. Zafarani inunue kwa nyuzi, si unga, na kwa gramu, maana ya unga huchanganywa mara nyingi. Badilisha dirhamu zilizobaki kabla ya ukaguzi wa pasipoti ukiwa na risiti zako mkononi, na ubaki na chache za maji na kahawa, kwa sababu vya upande wa ndani vina bei yake.